Miguu Mifupi, Ngazi Ndefu

Nyinyi vijana mnaobisha hodi kwangu hapa Kaloleni na picha ya mbwa kwenye simu, ketini kwanza. Najua mtakachoniuliza. Siku hizi picha ni za mbwa mmoja tu: mwili mrefu, masikio ya kuning'inia, miguu kama ya kigoda cha kukamulia. Jina lake dakshundi, ingawa wengi wenu mnamwita mbwa soseji. Mnataka kujua kama anafaa, na kabla sijafungua mdomo mmeshaanza kumtafutia jina.

Mimi si daktari. Mtaa mzima unaniita daktari wa mbwa na sijawahi kuwakataza, lakini daktari alikuwa yule aliyeandika na kudunga sindano. Mimi nilikuwa mshikaji. Kwa miaka thelathini na mmoja katika kliniki ya wanyama, kazi yangu ilikuwa kumshika mnyama atulie mpaka atibiwe, kisha kufagia manyoya, kuosha vizimba, na kuzungumza na wenye mbwa pale kwenye benchi la kungojea. Na ushauri wa mbwa hutolewa benchini. Mtu humwona daktari akishanunua. Mshikaji huulizwa kabla.

Nimestaafu mwaka wa sita sasa. Mume wangu alinitangulia, watoto wako mbali, na nyumba hii ya vyumba viwili, ambayo baba yangu aliipata alipokuwa mfanyakazi wa reli, imebaki na mimi na redio. Niwaambie ambalo hamkuuliza: mikono iliyozoea kushika ikikosa cha kushika huuma. Wazee wenzangu wanalalamika magoti. Mimi nalalamika mikono.

Tuanze na kidole hiki gumba. Mnaona alama? Siku yangu ya kwanza kazini nilimwinua dakshundi kwa makwapa, kama mtoto anayefundishwa kutembea, matako yakabaki yananing'inia. Alinigeukia akanitia meno. Nikalia. Mkubwa wetu alikuwa mzee Mutua, mtu mpole kwa wanyama na mkali kwa wanadamu. Alinipa pamba yenye dawa akasema, "Hajakuuma huyo. Amekusahihisha."

Kisha akanifundisha. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya matako, mgongo ulale sawa, umbebe kama sinia yenye vikombe vya chai. Ukimshusha, hakikisha miguu yote minne imegusa chini ndipo uachie. Mutua alifunga pakiti mbili za unga wa ugali kwa kamba, moja mbele ya nyingine, akanifanya nizibebe wiki nzima huku akipita nyuma yangu kuangalia kama zimekunjika katikati. Zikikunjika, chai ya siku hiyo napika mimi. Nilipika chai siku nne.

Sababu yake ni hii. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kitu laini mfano wa mto wa kulalia. Kwa mbwa huyu mito hiyo hukauka mapema na hupasuka. Ikipasuka hubana mishipa ya fahamu, na miguu ya nyuma inakufa ganzi. Kuruka kutoka kwenye kochi, kupanda ngazi kila siku, kunenepa, kuinuliwa vibaya, yote yanamzidishia. Yeye hana habari. Moyo wake ni wa mbwa mkubwa, na ataruka tu.

Mambo mengine madogo mtayajua mkishamleta, lakini sitaki mseme sikuwaambia. Anabweka. Sauti yake ni ya mbwa mara tatu yake, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta atadhani mmefuga simba. Anachimba, kwa sababu wazee wake walizaliwa kuwafuata wanyama mashimoni, na sukuma wiki yenu atadhani ni shimo ambalo halijachimbwa bado. Ni mkaidi. Utamwita, atakutazama, atalifikiria jambo lako, kisha ataendelea na lake. Kumfundisha kwenda haja nje ni kazi ya miezi, wala si ya wiki. Na anapenda kula kupita kiasi. Nyinyi mnaopita machinjio ya Kiamaiko kuchukua vipande vya mbuzi vya bure, mapafu na mafuta, sikilizeni: mnamchimbia kaburi kwa upendo. Pitisha vidole ubavuni mwake. Ukizigusa mbavu bila kuzitafuta, yuko sawa. Ukizitafuta kwanza, funga mkono, usimwongezee chakula.

Usimfunge kamba shingoni. Anataka mkanda wa kifuani. Fundi wangu wa ngozi wa pale Kariokor, mtengenezaji wa viatu vya matairi, alipoletewa vipimo vya kwanza aliniuliza kama hii ni mbwa ama ni benchi. Mkanda huo wa kwanza ulikuwa wa mbwa aliyeitwa Waziri, na kuhusu Waziri lazima niwaeleze, ingawa sipendi.

Mwenye Waziri alikuwa mzee Okoth, karani mstaafu wa reli. Alikuja kliniki peke yake, viatu vimeng'arishwa, kofia mkononi, akaketi benchini bila mnyama yeyote. Nikamwuliza analeta nini. Akasema hajaleta kitu, amekuja kuuliza. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, watoto wametawanyika, na nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Alitaka mbwa mdogo mwenye sauti kubwa. Nikajiona mjuzi. Nilimwuliza kama nyumba ni ndogo, akasema ndiyo. Nilimwuliza kama ana muda, akacheka, akasema muda ndio kitu pekee alicho nacho. Basi, mzee, nikamwambia, wewe chukua dakshundi.

Sikumwuliza anakaa ghorofa ya ngapi. Kosa hilo lisingefanywa na mtu aliyekulia kwenye magorofa. Lakini sisi wa Kaloleni tumezaliwa katika nyumba za chini, mlango unafungua unakanyaga udongo, na kichwani mwangu nyumba ni kitu kinachoanzia chini na kuishia hapohapo. Mzee Okoth alikuwa akikaa mtaa wa Umoja, ghorofa ya nne.

Alimchukua dakshundi, akamwita Waziri, akawa akija naye kila mwaka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka alikuwa amenenepa kidogo yeye, Waziri la. Waziri alitembea kama mtu mwenye shughuli. Mwaka mmoja akanisimulia kwa majivuno jinsi Waziri anavyozipanda ngazi zote peke yake, na yeye mwenyewe akibaki anahema kwenye ghorofa ya pili. Nikacheka naye. Neno ngazi nililisikia kwa masikio yangu haya mawili, na nikacheka.

Mwaka uliofuata alimleta ndani ya kikapu cha sokoni. Miguu ya nyuma haikuwa na kazi tena. Daktari alimweleza kwa upole kwamba angeweza kumlaza Waziri usingizi wa mwisho kwa sindano, mzee Okoth akamshukuru, akachukua kikapu chake akaondoka. Kuanzia siku hiyo alimshusha na kumpandisha ghorofa nne, mara tatu kwa siku. Nilimfundisha kumbeba kama sinia. Yule fundi wa Kariokor alimshonea mkanda mwingine wa ngozi wa kupitisha chini ya tumbo, ili mzee amwinue sehemu ya nyuma na Waziri atembee kwa miguu ya mbele. Walionekana kituko, na walikuwa na furaha yao.

Siku moja nilikuwa nafagia, yeye amekaa benchini na kikapu magotini. Akaniuliza, "Mama Nafula, nikitangulia mimi, Waziri ataenda kwa nani?"

Nikamjibu vile sisi sote hujibu. Nikamwambia asiseme hivyo, atatuzika sisi sote. Tunajua kufariji haraka haraka ili tuendelee kufagia. Alinitazama, akaivaa kofia yake, hakuuliza tena.

Mvua zilizofuata, kikapu kililetwa na mlinzi wa yale magorofa, Waziri akiwa ndani. Mzee Okoth alikuwa amefia hospitalini. Jamaa zake walikuja, wakachukua kitanda, meza na televisheni, wakasafirisha mwili kwenda kuzikwa nyumbani. Kikapu kilibaki mlangoni.

Ningeweza kumchukua. Nilisema mume wangu hataki mbwa ndani ya nyumba, na ilikuwa kweli, lakini siku ile sikwenda kumwuliza. Nilijificha nyuma ya ukweli huo. Daktari alitafuta mtu wiki nzima. Mbwa wa kubebwa kwenda haja hana mtu. Mwishowe niliitwa kushika, sindano ya mwisho ikiwa tayari. Nilimshika vizuri, mgongo sawa, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya matako. Hakuwa na hofu hata kidogo, kwa kuwa mikono hiyo aliijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Toka wakati huo, yeyote aliyekaa kwenye benchi lile akinitajia dakshundi alikutana na maswali yangu. Unakaa ghorofa ya ngapi? Mchana nani yuko nyumbani? Utamwinuaje, nionyeshe kwa mkoba wako. Na la mwisho: ukiondoka, nani? Nilitaka jina. Sikutaka kusikia "tutaona," wala "Mungu yupo." Wengi walikasirika. Walikuja kutafuta mbwa, nikawatajia kifo. Wengine walikwenda wakanunua mbwa wa aina nyingine, na huo pia ulikuwa ushauri.

Sasa nije kwa Vivian, ambaye baadhi yenu mnamjua. Marehemu mama yake aliimba nami kwaya. Anasuka nywele kwenye saluni moja Umoja, na anakaa ghorofa ya tano. Mwaka jana alikuja na picha kama nyinyi.

"Sasa, shosh," akasema, maana nyinyi vijana nyanya mnamwita hivyo. "Nataka hii mbwa."

Nilimwuliza la ghorofa, akanijibu. Nikamwambia hapana. Akasema atakuwa akimbeba. Nikamwuliza mara ngapi kwa siku, akasema mbili. Nikamwambia mbwa mchanga hukojoa mara nane, na zile sita atakojoa kwenye kapeti lako. Akacheka, akamwinua paka wa jirani kwa mtindo nilioutaka, akanishukuru, akaenda. Mwezi uliofuata nikasikia ameshanunua. Sikio la kufa halisikii dawa. Alimwita Smoki, kwa sababu eti anafanana na zile soseji zinazouzwa kwenye vigari barabarani.

Baada ya miezi mitatu alisimama mlangoni kwangu. Jambo la kwanza nililoliona ni mikono yake. Mmoja kifuani, mmoja chini ya matako, mgongo sawa kabisa. Amepanda na kushuka naye ghorofa tano mpaka mgongo unaouma ni wake. Mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ya mdomo: mbwa anabweka mchana kutwa Vivian akiwa saluni, majirani wamechoka, ama mbwa aende ama aende yeye.

"Shosh, mchukue," akasema. "Wewe ndio unajua kumshika."

Nilimwambia nitamwekea wiki mbili tu, nifikirie. Nikasisitiza kwamba ni wa kuwekewa. Nyumbani kwetu magharibi mbwa hapokelewi bure. Anayemchukua sharti atoe kitu, kwa kawaida kuku, ndipo mbwa awe wake kweli. Ukimchukua bure, wazee wanasema, hatakaa: atarudi alikotoka au atakufa. Vivian, mzaliwa wa Nairobi, hakuyajua hayo, nikamweleza. Nikamwambia bado sijatoa kuku, kwa hiyo Smoki bado ni wake. Nilifanya hivyo makusudi. Nilijiachia mlango wa kutokea.

Wiki hizo mbili zilinivuruga. Smoki alichimba sukuma wiki ya jirani yangu Mama Atieno siku ya pili tu, nikaenda kuomba msamaha, tukaishia kunywa chai kwa saa nzima, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu msiba wa mume wake. Alibwekea upepo. Alibwekea redio mpaka nikaizima, na nikagundua kwamba sikuihitaji. Alilala na pua juu ya patipati niliyovaa mguuni. Nikitaka kwenda dukani nilijikuta nikisema "twende," nami nilikuwa nimekaa miaka bila kulitumia neno hilo.

Nikaogopa. Nikajiweka mwenyewe benchini, nikajiuliza maswali yangu kama ninavyomwuliza mteja. Ghorofa ya ngapi? Chini. Kizingiti kina kidato kimoja, nikakiwekea ubao wa kuteremkia. Mchana nani yuko nyumbani? Mimi, na usiku mimi. Utamwinuaje? Hilo nisiulizwe. Ukiondoka, nani?

Nina miaka sitini na minane na presha. Smoki alikuwa hajafikisha mwaka, na mbwa wa aina yake akitunzwa hufika kumi na minne bila shida. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Nikaanza kutafuta jina. Nilimpigia mwanangu Simiyu, aliye kazini Katari. Uso wake ulitokea kwenye simu, kofia ya kazi bado kichwani. Akacheka, akaniuliza mbwa wa nini, si afadhali msichana wa kunisaidia, kisha akakumbuka zamu yake, simu ikakatika. Binti yangu Nafula, aliye Eldoret, alisema mtoto wake ana pumu, na ni kweli, pumu ya mtoto yule naijua. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Nikamwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Nikaenda kwa Mama Atieno, tunalingana umri. Alisema, "Mimi na wewe, ni nani wa kumrithi mwenzake?" Tukacheka sana. Kisha chai ikapoa mbele yetu.

Siku ya tatu ya kutafuta nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, nikatambua kwamba swali halikuwa la mbwa. Sikuwa na mtu wa kumwachia Smoki kwa sababu sikuwa na mtu ambaye, nikifa asubuhi, angejua kabla ya jioni. Wanangu wananipenda, sina shaka. Lakini wangejua Jumapili, siku ya kupiga simu. Mbwa angekaa humu ndani na mimi, akibweka, na watu wangesema tu kwamba yule mbwa wa Mama Nafula ana kelele. Nililia, nawaambia bila kuficha. Smoki alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye mfupa wake.

Jumamosi Vivian akaja kupata jibu. Nilikuwa nimeshafunga vitu vya Smoki: bakuli, mkanda wa kifuani, kipande cha blanketi. Nikamwambia sitamchukua. Nikamweleza habari za Waziri tangu mwanzo, hata ile sehemu ya mume wangu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia amtafutie Smoki mtu mwenye nyumba ya chini na miaka mbele yake. Nilisema yote hayo bila kumtazama mbwa.

Vivian aliliweka bakuli kando akaketi. Hakuuliza kuhusu mbwa. Aliniuliza nani hunijulia hali. Nikasema hilo halimo katika maswali yangu. Akasema sawa, akaomba wiki moja ya kumtafutia mtu, akaondoka bila kuchukua bakuli wala mbwa.

Wiki ile sikumzoea Smoki zaidi. Nilikataa. Nilimlisha, nilimtembeza mpaka ukumbi wa mtaa na kurudi, sikuzungumza naye. Mbwa hajui adabu ya namna hiyo. Kila nilipokaa, aliilalia patipati.

Jumamosi ya pili nilimwona Vivian akija na kuku kwapani, kienyeji mwekundu, amefungwa miguu. Nikamwambia, mwanangu, umeyapindua. Anayetoa kuku ni anayechukua mbwa, na mimi nimekataa kuchukua.

"Sijapindua," akasema. "Anayemchukua ni mimi, lakini baadaye. Ukishaenda, shosh. Nalipa sahii, ndio siku hiyo hakuna mtu ataniuliza."

Alisema "ukishaenda" waziwazi, hakushusha sauti wala kutazama pembeni. Miaka yote niliyouliza swali lile, watu wazima wenye kazi zao walinijibu kwa hasira au kwa Mungu. Huyu alikuja na kuku. Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikamwuliza anakaa ghorofa ya ngapi.

"Ya tano," akasema. "Wee ishi kwanza, shosh. Mi nitasaka keja ya chini, nyumba bila ngazi."

Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta kisu cha kukatia kamba. Nilikaa humo kitambo. Nilipotoka nilimfungua kuku miguu, nikamshika, maana hata kuku najua kumshika, nikampa Vivian mkononi. Nikamwambia huyo sasa ni kuku wangu, na kwa kuku huyo namchukua Smoki leo. Akampokea. Kisha akanirudishia, yeye akimlipia Smoki wa baadaye. Kuku mmoja akanunua mbwa mmoja mara mbili ndani ya dakika moja, na Mama Atieno, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, akawa shahidi. Kuku akabaki kwangu, maana ghorofa ya tano hakuna pa kumweka.

Msidhani basi upweke umekwisha. Vivian ana kazi, na Jumamosi nyingine haji. Smoki hukaa kizingitini akitazama njia, nami hukaa kwenye kigoda nyuma yake nikijifanya nachambua mchele. Jua likishuka tunaingia. Kitanda changu bado kina upande mmoja uliopoa, na Katari ni mbali kama zamani. Lakini kila asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa, Vivian hunitumia neno moja kwenye simu: "Uko?" Nami hujibu kwamba niko. Siku nikinyamaza mpaka saa nne, atakuja, na atajua pa kuweka mikono.

Haya, vijana, sasa leteni hizo picha. Kama mnakaa juu, tafuteni mbwa mwenye miguu. Kama mnakaa chini, na mchana kuna mtu, na mnaweza kumnyima mkaidi chakula huku akiwatazama kwa macho yale, dakshundi atawafaa, na mtampenda kuliko inavyostahili. Ila la mwisho msinijibu leo. Nendeni mkalitafutie jina. Mkichelewa kulipata, msikasirike nami, kaeni na hilo swali, lina mengi ya kuwaonyesha.

Yule kuku mnayemwona pale chini ya kamba ya nguo ndiye huyo. Kila sikukuu Mama Atieno huniuliza kama safari hii hatumchinji. Mimi humwambia huyo si wa kuchinjwa, ametolewa kwa ajili ya siku ambayo haijafika. Wacha azeeke.